Shibe: Maana Yake Mwilini na Sababu ya Kuchelewa

Anayemaliza sahani ya ugali wa muhogo na sato kule Kirumba, Mwanza, kwa dakika saba, kisha akaomba aongezewe, huenda tumbo lake limeshajaa lakini yeye bado hajashiba. Shibe ni uamuzi wa ubongo kwamba ulaji usimame. Ubongo huufikia baada ya kupokea taarifa kutoka tumboni, kwenye utumbo na kwenye mafuta ya mwili, na taarifa hizo hazifiki kwa pamoja.

Mpokeaji mkuu ni haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, yenye uzito wa gramu 4 hivi. Ndani yake yamo makundi mawili ya seli za neva yanayovutana: moja humsukuma mtu ale, jingine humzuia. Homoni ndizo zinazolipa nguvu kundi hili au lile.

Homoni ya njaa ni ghrelini, iliyotambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999. Hutoka zaidi kwenye ukuta wa tumbo, hupanda kabla ya mlo na kushuka baada yake. Tena huzoea ratiba. Aliyezoea kula saa saba mchana atasikia njaa saa saba, hata kama saa nne alikunywa supu kwa chapati mbili.

Shibe hujengeka kwa hatua. Kwanza tumbo hutanuka, na neva ya vagasi, inayounganisha tumbo na ubongo, hupeleka habari hiyo ubongoni. Maji matupu nayo hutanua tumbo, ila hupita upesi na njaa hurudi. Mafuta na protini vikifika utumbo mdogo, hutolewa homoni ya kolesistokinini, inayopunguza kasi ya tumbo kumimina chakula na kuuambia ubongo kwamba chakula kimefika. Sehemu za chini za utumbo huongeza homoni nyingine, mojawapo ikiwa GLP-1, ambayo ndiyo inayoigwa na semaglutidi, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito. Mpaka taarifa hizi zikolee, zimepita dakika 15 hadi 20 tangu tonge la kwanza. Mlaji wa haraka huwa ameshapitiliza.

Kukinai ni jambo jingine, na Kiswahili kimefanya vyema kulipa neno lake. Hapo ubongo umechoshwa na ladha moja tu. Aliyekinai pilau harusini bado hupata nafasi ya kuku, kisha ya keki, kwa sababu kila ladha mpya huamsha hamu upya. Vyakula vya aina nyingi mezani humfanya mtu ale zaidi ya alichohitaji.

Kwa muda mrefu, msimamizi ni homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994. Hutoka kwenye seli za mafuta na kuueleza ubongo akiba iliyopo. Mwenye unene uliozidi huwa na leptini nyingi, ila ubongo wake umeacha kuisikiliza ipasavyo. Akipungua uzito, leptini hushuka na njaa huongezeka. Kumwita mtu huyo mlafi ni kumwonea.

Usingizi nao umo. Mwaka 2004, watafiti wa Chicago waliwapima vijana wanaume 12: baada ya kulala kwa muda wa saa 4 tu kila usiku, usiku mbili, ikilinganishwa na kulala kwa muda wa saa 10, leptini ilishuka kwa asilimia 18 na ghrelini ikapanda kwa asilimia 28. Mvuvi wa dagaa anayekesha na taa ziwani wakati wa giza, kisha asilale mchana, ana sababu ya kimwili ya kutamani maandazi na chai ya sukari nyingi.

Kwa mezani: anza na samaki, maharage au kunde pamoja na mboga, ndipo uzidishe ugali. Pakua mara moja, na subiri dakika 20 kabla ya kuongeza. Uji mwepesi wa asubuhi hupita tumboni haraka; utie karanga zilizosagwa au maziwa. Soda haishibishi kama chakula cha kutafuna chenye nishati ileile.

Ipo njaa isiyotibika kwa sahani. Katika kisukari, insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, ikikosekana, sukari hubaki kwenye damu huku seli zikikosa chakula, na mtu hula sana lakini anakonda. Ukiona njaa ya namna hiyo pamoja na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, nenda kituo cha afya ukapimwe sukari siku hiyohiyo.