Vitabu tunavyovitoa rafuni, na vile tusivyovigusa

Wanafunzi wakishafunga chuo na kwenda makwao, sisi wakutubi tunashika kazi ambayo wahadhiri wengi hawapendi kuiona: kupita rafu kwa rafu na kutoa vitabu visivyostahili tena kukaa pale. Mhadhiri akipishana na toroli lililojaa, maneno yanaanza. "Mnatupa vitabu, na hii nchi yenyewe haina vitabu?" Ana haki ya kuuliza, na jibu lake si fupi.

Nianze na tiba, maana huko hakuna mzaha. Kwenye rafu za RC, namba ya vitabu vya magonjwa, bado unaweza kukuta vitabu vinene vya miaka ya 1980 vinavyoelekeza malaria ya kawaida itibiwe kwa klorokwini. Tanzania iliachana na klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001, ikaingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa ya mseto. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hayajui hayo. Anaona jalada gumu, picha za rangi na mhuri wa maktaba ya chuo, basi anaamini. Mhuri wetu ndio unaompa hiyo imani. Kitabu cha namna hiyo kinatoka hata kama hakina ukurasa uliokunjika. Nakala moja tunaipeleka stoo, aje aiombe kaunta anayeandika historia ya tiba.

Kompyuta nayo ina mambo yake. Mwongozo maarufu wa kupunguza vitabu uitwao CREW, uliotungwa Texas mwaka 1976 kwa ajili ya maktaba ndogo za umma na kuhuishwa mara kadhaa baadaye, unataka vitabu vya kompyuta visizidi miaka mitatu. Kwetu, kitabu kikishapita kwenye zabuni, bandarini na mezani kwa mkatalogi, hiyo miaka mitatu inakuwa imeshaanza kuyoyoma kabla msomaji hajakigusa. Ukifuata kipimo hicho neno kwa neno, rafu za QA76, za vitabu vya kompyuta, zitabaki na vumbi tu. Kwa hiyo tunatazama ndani: kitabu cha algoriti cha mwaka 1990 bado kinafundisha vizuri, lakini mwongozo wa kutumia Windows 98 haumsaidii mtu yeyote.

Linakuja suala la vitabu visivyoazimwa, na hapa ndipo ninapobishana sana na wenzangu wa upande wa mfumo wa kompyuta wa maktaba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, uliochapishwa mwaka 1979, ulionyesha kuwa karibu asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969 havikuazimwa hata mara moja katika miaka sita ya mwanzo. Tangu hapo kila mtu anataka kuchapa ripoti ya uazimaji, kuchora mstari na kuondoa kila kilicho chini yake. Kwetu ripoti hiyo inadanganya. Juzi nilishika kitabu cha takwimu ambacho karatasi ya tarehe, ile iliyobandikwa nyuma, ina mhuri wa mwisho wa mwaka 2009. Kwa hesabu ya mfumo, hicho ni maiti. Lakini ukikiweka mezani kinafunguka chenyewe kwenye sura ya nne. Uti wake umepasuka hapo hapo, na pembe za kurasa zimekuwa nyeusi kwa vidole. Kinasomwa ndani, kinapelekwa kutolewa kopi, kinarudi, na hakuna mahali lilipoandikwa jina la msomaji. Ndiyo maana nasisitiza vitabu vinavyoachwa mezani viskaniwe kwanza kwenye mfumo, vihesabiwe kuwa vimesomwa, kabla ya kurudishwa rafuni. Ni kazi ya kuchosha na wasaidizi wanainung'unikia, ila bila hiyo hatuna takwimu za kuaminika.

Sheria tunaigawa. Vitabu vya ufafanuzi vilivyopitwa na wakati vinaweza kutoka, lakini maandishi ya sheria zenyewe hatutoi. Mgogoro wa kiwanja ulioanza kabla ya Sheria ya Ardhi ya 1999 unamlazimu wakili kujua sheria ilisema nini wakati ule.

Kuna kundi moja ambalo kwangu halina mjadala: chochote kilichochapwa hapa kwetu. Zile karatasi za utafiti za miaka ya 1970, za BRALUP (ofisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi) na ofisi nyingine za utafiti wa vijiji, ardhi na maji, zilizopigwa stensili na kubanwa pini ambazo sasa zimeota kutu, hazina sura ya kumvutia mtu. Huenda haziazimwi miaka kumi. Lakini kitabu cha uchumi kilichotoka London kipo katika maktaba nyingi duniani, ilhali karatasi ya kurasa ishirini kuhusu maji ya kijiji fulani cha Dodoma yaweza kuwa ndiyo pekee iliyosalia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kitengo kizima cha East Africana kwa ajili ya mambo haya. Kwa hizi kipimo cha uazimaji kiwekwe kando kabisa. Zikiota kuvu tunazitenga, tunazisafisha na kuziskani.

Kinachoamuliwa kutoka hakiendi jalalani jioni hiyo hiyo. Kitabu cha chuo cha umma ni mali ya umma: orodha inapelekwa idarani waipinge wakitaka, kamati inakaa, kibali kinaombwa. Baada ya hapo tunapiga mhuri wa kuondolewa na kuifuta rekodi kwenye Koha, programu inayobeba katalogi yetu. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika kuliko zote, na matokeo yake mwanafunzi anaona kitabu kwenye katalogi, anaandika namba, anapanda ghorofa ya tatu na kukuta pengo.

Nikiulizwa vitabu vilivyochakaa kimaudhui vilifikaje rafuni, vingi ni vya msaada. Kontena linatua, watu wanapiga picha, halafu tunafungua maboksi na kukuta nakala arobaini za kitabu kimoja cha kodi za Marekani. Siku hizi tunaomba orodha kwanza, yenye mwaka na toleo, kabla mzigo haujapakiwa melini. Mfadhili asiyetaka kutuma orodha tunamwandikia barua ya shukrani, na mzigo hatuupokei.