Je, mapinduzi ya Kuba yaliletwa na watu 82 tu?

Wengi tumekua tukisikia kwamba mapinduzi ya Kuba yalikuwa kazi ya wanaume wachache wenye ndevu, wakiongozwa na Fidel Castro, walioshuka kwenye mashua, wakapanda milimani, wakaiangusha serikali. Mashua ilikuwepo kweli, ikiwa na watu 82. Ilifika pwani ya mashariki tarehe 2 Desemba 1956.

Lakini tarehe 30 Novemba, siku mbili kabla, vijana wa Santiago de Cuba, mji wa mashariki mwa nchi, walikuwa wameshaingia mitaani na silaha. Ni akina nani hao, ikiwa mashua bado ilikuwa baharini? Swali hilo moja hufungua mengi. Waliotua walitawanywa na jeshi baada ya siku chache, na walionusurika walifichwa na kulishwa na wakulima wa milima ya Sierra Maestra. Fedha, dawa na risasi zilitoka mijini, mara nyingine zikiwa zimefichwa na wanawake chini ya sketi zao pana. Mtawala, Fulgencio Batista, alipokimbia alfajiri ya 1 Januari 1959, mgomo mkuu wa wafanyakazi ulisaidia kuwazuia maofisa wa jeshi kushika madaraka. Naona wagomaji hawa wamesahauliwa mno.

Ukitaka kuhakiki, chukua kitabu cha historia ya Kuba, panga tarehe zake kwa mfuatano, kisha uliza: chakula kilitoka wapi, barua zilibebwa na nani? Uliza hivyo hivyo kuhusu 1961, vijana wapatao 100,000 walipokwenda vijijini kufundisha, taa mkononi, na watu zaidi ya 700,000 wakajua kusoma na kuandika.