Sodiamu ukiizidisha nanotyubu zinagoma

Jana tena. Mwanafunzi kanitumia picha WhatsApp, chupa yake ya nanotyubu (vimirija vidogo mno vya kaboni) zinazotakiwa zielee, chini ina tope jeusi, juu kiyeyushi kimetulia, chini yake kaandika "Dokta niongeze sodiamu?" Jamani hapana! Sijui nani aliwafundisha kwamba chaji ikizidi ndo vizuri, naona wanadhani nanotyubu ni simu unaichaji mpaka mia.

Nanotyubu zinapenda kukumbatiana zikawa kama kamba, hilo mnajua. Ukizipa elektroni kutoka sodiamu-naftalini (sodiamu iliyoachia elektroni zake kwa naftalini) zote zinakuwa hasi, zinasukumana, kamba inafumuka yenyewe bila kuzitandika na altrasonika (mawimbi makali ya sauti) inayozikatakata. Watafiti kina Pénicaud kule Ufaransa walishaonyesha hilo 2005 kwa kutumia metali za jamii ya sodiamu. Na hapana, haikupigi shoti, kila elektroni ina ayoni yake ya sodiamu (chembe yenye chaji chanya) jirani, jumla sifuri, tuendelee.

Sasa hizo ayoni jirani ndo watu wanazisahau na ndo zinaniudhi! Chaji ikishabanana kwenye tyubu, ayoni za sodiamu zinarudi kuing'ang'ania, kwa hiyo elektroni unayoongeza hapo haiongezi msukumo wowote, na zile ayoni zinazobaki zinaelea kwenye kiyeyushi zinaziba tyubu zisihisiane, zikishaacha kuhisiana zinakumbatiana tena na zinazama. Umewahi kuona shabu kwenye maji ya tope? Udongo ule unaelea kwa sababu una chaji hasi, aluminiamu ya shabu inaifuta, tope linashuka chini. Sodiamu ina chaji moja tu kwa hiyo ni shabu dhaifu, lakini ukiimwaga ovyo kazi ni ileile, umejisafishia maji wakati ulitaka wino.

Mimi huanzia atomu 1 ya sodiamu kwa atomu 10 za kaboni. Halafu niwe mkweli, hiyo 1 kwa 10 ni niliyopima kwenye mizani, sio inayofika kwenye tyubu. Sodiamu nyingine imeshaliwa na unyevu, elektroni nyingine zimebaki kwa naftalini, na umeme ukikatika hapa Kampala mashine ya kusafisha agoni (gesi tunayofanyia kazi ndani yake badala ya hewa) inalala, oksijeni inapenya taratibu inaiba zake. Kwenye ripoti tunaandika namba safi kabisa kana kwamba tulizihesabu moja moja. Hata neno "kuyeyuka" tunabishana nalo, wengine wanasema ni mmumunyo wa kweli, mimi kuna siku naamini na kuna siku naangalia chupa nacheka.

Nikaikuza ile picha. Kiyeyushi cha juu kina ukijani! Ule ni ukijani wa sodiamu-naftalini, yaani elektroni zilizokosa pa kwenda, na yeye bado anataka kuongeza. Nikamwambia usiguse sodiamu, ongeza nanotyubu zigawane zilizopo.

Kajibu, "Lakini Dokta, nanotyubu ni ghali."