Muvi zisizo na adui, na fomu tunazosaini hospitali

Wengi wetu tumekulia vibanda umiza, tumezoea muvi yenye steringi na adui, ukishamjua adui unasubiri tu apigwe. Sasa kuna muvi za mambo ya tiba ambazo ukiziangalia hivyo hutoki na kitu, na sisi tunaofanya kazi ya maadili ya tiba hapa Dodoma tunazipenda kufundishia kwa sababu hiyohiyo.

Anza na My Sister's Keeper ya 2009. Binti anaitwa Kate, ana saratani ya damu, kwao hakuna anayeendana naye wa kumtolea uloto (ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu), wazazi wanaamua kupata mtoto mwingine kwa njia ya maabara, kiinitete (mimba ikiwa bado changa kabisa) kinachaguliwa makusudi ili aendane na dada yake. Huyo ndiye Anna. Kazaliwa tu, damu ya kitovu imechukuliwa, baadaye damu ya kawaida, baadaye uloto, mwisho anaambiwa sasa ni figo. Anna anaenda kwa wakili kuwashtaki wazazi wake. Watu wengi hapo wanamkasirikia mama, mimi simkasirikii hata kidogo, ana mtoto anayekufa mbele ya macho yake jamani. Hakuna adui humo, ndo maana inaumiza.

Ukidhani hayo ni mambo ya Marekani, kumbuka Hospitali ya Benjamin Mkapa hapahapa Dodoma ilianza kupandikiza figo 2018, na 2023 ikaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli. Uloto huo kwa kawaida unatoka kwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na hata hao kila mmoja ana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kuendana kikamilifu na mgonjwa. Kwa hiyo akipatikana anayeendana, na pengine yuko darasa la pili, ukoo mzima unamwangalia yeye. Baba anapiga simu Kongwa, baba mkubwa anatoa neno, bibi anatoa neno, mchungaji anaombea, fomu inasainiwa, na mtoto mwenyewe hajaulizwa chochote zaidi ya kuahidiwa soda!

Kisheria aliye chini ya miaka 18 anasainiwa na mzazi, sawa. Ila mtoto anayejielewa lazima aelezwe kwa lugha yake nini kinakuja: atalazwa kwa dawa ya usingizi, uloto utavutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, kiuno kitamuuma siku kadhaa, na mwili utautengeneza tena ndani ya wiki chache. Figo haiko hivyo, ikitoka imetoka, ndo maana nchi nyingi zinakubali mtoto atoe uloto ila figo zinakataa au zinabana sana. Akilia anasema hataki, wahudumu wanatakiwa kusimama kwanza wakae naye, sio kumshika mikono.

Muvi ya pili ni The Constant Gardener, 2005, imepigwa Kenya, Kibera na kule kando ya Ziwa Turkana, kwa hiyo sura na mitaa utaitambua. Kampuni inajaribu dawa ya kifua kikuu kwa maskini na vifo vinafichwa. Stori ni ya kubuni. Ile ya Miss Evers' Boys ya 1997 ndo inatoka kwenye tukio la kweli: Tuskegee, Alabama, 1932 mpaka 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende wanaambiwa wana "damu mbaya", wanafuatiliwa tu bila kutibiwa, wakati penisilini ilishakuwa dawa inayojulikana tangu miaka ya 40. Utafiti huo ulienda miaka 40 mizima!

Shida ya hizi mbili ni kwamba mtu akitoka hapo anaogopa kila utafiti, hata wa kupima mkojo. Nami naelewa hofu hiyo, ila naona ni kukitupa kisu badala ya kukishika mpini. Majaribio ya dawa Tanzania Bara lazima yapite kwenye kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na wewe unayeombwa kushiriki una haki ya kukataa, au kujitoa katikati, na matibabu yako ya kawaida yasiguswe. Ukiambiwa "usiposaini hutibiwi", hapo ndo ukatae na ukaripoti. Omba nakala ya fomu uende nayo nyumbani ukamsomee mtu.

Turudi kwenye figo, maana hapo ndo maswali mengi yanatoka. Mtu mzima anayetaka kumtolea ndugu yake anatakiwa kuhojiwa peke yake, bila kaka wala mama chumbani, sababu wapo wanaosema ndiyo mbele za watu huku moyoni wanasema hapana. Sasa akikiri hataki, daktari aiambie nini familia inayosubiri nje? Kuna madaktari duniani husema tu "vipimo vimeonyesha hafai", kumwokoa asitengwe na ukoo. Wapo wanaosema huo ni uongo na daktari hatakiwi kudanganya. Mimi nasema aseme "hatutachukua figo yake" aishie hapo, asitoe sababu, hata shemeji akikomaa kuuliza mara ngapi, majibu ya vipimo vya mtu ni siri yake.