Mtoto wa Siku Mbili Hafungi Choo

Juzi nimelisikia tena neno la kufunga choo, safari hii kwenye daladala. Dada mmoja anamsimulia mwenzake kwamba kichanga wa mdogo wake ana siku ya pili tangu azaliwe, hajapata choo. "Amefunga choo tu, wanampa maji ya uvuguvugu." Nilishuka kituo changu bila kusema kitu, na hilo limenikaa rohoni.

Kichanga wa namna hiyo huenda utumbo wake umeziba. Utumbo kuziba ni pale maziwa, hewa na uchafu vinaposhindwa kupita hadi njia ya haja kubwa. Mtoto anatapika, mara nyingi tumbo linajaa, na aghalabu dawa yake ni upasuaji. Basi.

Shida yangu ni hilo neno kufunga. Anayefunga choo ni mtu aliyekuwa akienda vizuri, kisha choo kikakauka kikagoma: mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu, mtoto aliyeanzishiwa uji juzi. Kichanga hana alichofunga. Choo chake cha kwanza, kile cheusi kinachonata kama lami, anazaliwa nacho tumboni, na watoto wengi waliozaliwa wametimiza miezi yao tumboni hukitoa ndani ya saa 24. Zikifika 48 kavu, cha kuuliza ni kama njia ipo.

Na hilo "kuziba" lenyewe linapotosha. Bomba likiziba tunatafuta kilichokwama, ndiyo maana bibi huuliza, "Kwani kameza nini?" Hajameza kitu. Madaktari wana neno atresia, la Kigiriki: a- ya kukanusha, na tresis, kutoboa. Yaani pasipotobolewa. Kipande cha utumbo hakina uwazi tangu kabla ya kuzaliwa. Wengine ni tundu la haja kubwa ndilo halipo, kitu ambacho mkunga hukiona kwa kumgeuza mtoto na kumkagua. Wengine utumbo umejisokota kama kamba na kujinyima damu, na hapo zinahesabiwa saa.

Halafu kuna wale ambao njia iko wazi kabisa, ila kipande cha chini hakina chembe za neva za kukifanya kisukume. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1886. Yeye aliushuku utumbo mpana uliofura, kumbe mkosaji yuko chini yake, kwenye kile kipande kinachoonekana kizima! Utaita hiyo kuziba? Tunaita, kwa kukosa neno.

Mtoto akicheua maziwa meupe begani mwako, futa uendelee na shughuli zako. Doa kwenye kanga likiwa la kijani, hiyo ni nyongo, na safari ya hospitali ni saa hiyohiyo, hata kama choo alishapata. Kizuizi kikiwa juu, kilichokuwa chini yake bado kinaweza kutoka.

Kwa hiyo, dada yangu wa kwenye daladala, maji ya uvuguvugu hayatoboi utumbo. Mwambie mdogo wako ampeleke mtoto leo, na akifika asiseme "amefunga choo". Aseme "hajapata choo tangu azaliwe". Muuguzi atamuuliza papo hapo amezaliwa saa ngapi, ametapika, na matapishi yalikuwa ya rangi gani.