"Mmeelewa?" "Ndiyooo, Mwalimu!"

Pita nje ya darasa lolote kati ya Kondele na Ahero, huku Kisumu, saa nne asubuhi, hutakosa kumsikia mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyooo, Mwalimu!" Kazi yangu ni kufunza walimu, na kiitikio hicho hunitia wasiwasi kuliko darasa lililonyamaza. Sauti sitini zimeitika, na mwalimu hajajua hata mtoto mmoja ameshika nini.

Wengi wakiambiwa wamshirikishe mwanafunzi hukimbilia kupanga madawati kwa makundi. Nimeketi nyuma ya madarasa hayo: watoto sita, mmoja anaandika, wawili wanamtajia, watatu wanachora mpira daftarini. Sina ugomvi na makundi. Ila yasitangulie. Kwanza kila mtoto afikie jibu lake mwenyewe, hata kama ni la makosa, kabla hajasikia la mwalimu.

Nilimwona mwalimu mmoja wa sayansi akilifanya hili kwa gugumaji lililotolewa ziwani asubuhi hiyo. Alilitia kwenye karai la maji, likaelea. "Linaelea kwa nini? Andika, usimwonyeshe jirani." Walipomaliza akasema, "Sasa mtafute mwenye jibu tofauti na lako, umshawishi." Kelele zilizozuka! Huyu alishikilia ni majani mapana, yule akadai mizizi ndiyo inayolishikilia. Mwalimu hakuamua kesi. Alikata kikonyo cha jani, kile kilichovimba, akampa msichana wa dawati la mbele akikamue ndani ya maji. Mapovu yakapanda. "Kumbe kuna hewa!" Neno "hewa" lilitoka kwa mwanafunzi, si ubaoni.

Karai na gugu, basi. Waliopitia mafunzo ya SMASSE, mradi wa Kenya wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, ulioanza 1998 kwa ushirikiano na Japani, hawatashangaa: kifaa cha dukani kikikosekana, tumia kilichopo.

Lililo gumu zaidi halihitaji hata karai. Ni kunyamaza. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi wakajitolea kujibu, na "sijui" zikapungua. Jaribu kesho: uliza, kisha hesabu kimoyomoyo hadi tatu. Utaona zilivyo ndefu, na ulimi utakuwasha ujijibu mwenyewe.

Najua utaniuliza: silabasi itaisha lini? Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni. Katika madarasa ya mihadhara mitupu walianguka takriban asilimia 34. Wanafunzi waliposhirikishwa, asilimia 22. Vyuo vya kule si shule zetu, lakini kumaliza silabasi mbele ya darasa lisiloelewa ni kuimaliza kwa ajili ya nani? Nami siombi kipindi kizima. Katika dakika 40, swali moja la kuandikwa na kubishaniwa latosha kuanzia.

Badala ya "Mmeelewa?", mwalimu yule wa gugumaji alimwomba kila mtoto kipande cha karatasi chenye jambo moja ambalo bado linamsumbua. Tulivisoma pamoja chini ya mwembe. Kimoja kiliuliza: "Hewa iliingiaje mle ndani?" Akakitia mfukoni, akaniambia kipindi cha Alhamisi kitaanzia hapo.