Si lazima ununue belo ndo uanze kuuza vintage

Kila mtu anayetaka kuanza kuuza nguo za vintage, yaani mitumba ya zamani, utamsikia "sina hela ya belo," lile furushi zima la mitumba. Jamani hapana, belo ndo litakumaliza. Belo la kilo 45 limefungwa, huoni ndani kuna nini, ukilifungua ukute robo tu ndo ya maana mtaji umeshaganda hapo na zile zingine utazisukuma kwa bei ya kutupa.

Anza na vipande vitano, kumi. Nenda soko la Karume pale Ilala, Dar, asubuhi mapema wakati wanafungua mabelo, uchague mwenyewe kwa mkono. Na ukishika nguo usikimbilie jina la kampuni, geuza kwanza ndani uangalie lebo na mshono. Fulana ya Marekani yenye mstari mmoja tu wa uzi kwenye pindo la mkono mara nyingi ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990, zilizofuata nyingi zina mistari miwili. Jinzi ya Levi's, kile kitambaa chekundu cha mfuko wa nyuma kikiwa kimeandikwa LEVI'S kwa E ya herufi kubwa basi mara nyingi ni ya kabla ya 1971, ila zipo pia za kisasa zilizotengenezwa kwa kuiga zile za zamani, so soma na lebo ya ndani. Kagua kwapa, zipu na katikati ya mapaja, jinzi huchanika hapo.

Madoa ya kwapani mi huwa naacha kabisa, hata kama bei inashawishi vipi.